Vibubu vya Kitongoni: shajara ya mradi, Februari hadi Septemba 2024

Jumamosi, 3 Februari

Naanza kuandika leo ili baadaye nisije nikajisahaulisha. Mimi ni seremala. Karakana yangu iko Kitongoni, Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, na kati ya kitanda na kitanda huwa natengeneza vibubu, visanduku vya kuwekea akiba, kwa vipande vya mninga vinavyobaki. Kidogo shilingi 3,000, kikubwa 5,000. Havina mlango. Ukitaka hela zako unakivunja, au unaniletea ning'oe misumari taratibu, na hiyo kazi silipishi.

Mwezi uliopita nilifungua vitatu vya watoto. Cha tatu kilikuwa cha binti wa miaka kumi, kakibeba kwa mikono miwili kama aliyebeba chungu kilichojaa maji. Alikuwa anataka mkoba na viatu vya shule. Kibubu kizito, na ukikitikisa kinalia vizuri. Nikang'oa ubao wa chini. Vikamwagika vizibo vya soda juu ya benchi, vizibo tele, na sarafu moja ya 200. Aliyezichukua hela alikuwa na akili ya kurudishia kitu ili mlio usipotee.

Mtoto hakulia. Alisema tu, "Zilikuwa elfu kumi na saba na mia nne." Nikaichukulia kuwa hesabu ya kitoto. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, akaanza kukagua kitanda cha mteja wangu kana kwamba anataka kukinunua.

Nimelala na vile vizibo kichwani wiki nzima. Nimeamua kila Jumamosi saa nne asubuhi, chini ya mwembe wa hapa nje, nikae na watoto wa mtaa niwafundishe kuweka akiba na kuendesha vibiashara vyao. Mke wangu amecheka mpaka akakaa chini. Yeye ni mweka hazina wa kikundi cha wanawake cha kununua hisa na kukopeshana, na anajua mimi hesabu za mbao naandika kwenye ukuta. Ameniletea daftari la kurasa 96 na kunikumbusha msemo wake: mali bila daftari hupotea bila habari.

Majina ya watoto sitayaandika. Nitawaita kwa kazi zao.

10 Februari

Wamekuja 11, wa miaka minane hadi kumi na minne. Nilikuwa nimejiandaa kuwaonyesha noti, simba yuko kwenye elfu mbili, tembo kwenye elfu kumi, na mambo ya namna hiyo. Aibu tupu. Mtoto wa Ujiji anazaliwa sokoni. Yule wa miaka tisa alinieleza beseni la lumbu, aina ya dagaa, linavyopanda bei kati ya mwalo wa Kibirizi, wanakoshushia samaki, na soko la Mwanga, na kwa nini dagaa aliyenyeshewa akiwa anaanikwa hana bei. Kwenye chenji mimi mwenyewe walinishinda.

Nikauliza, haba na haba? Wote kwa sauti moja: hujaza kibaba! Mmoja wa nyuma akaongeza, "Kibaba cha kwetu kina tundu, mjomba." Wakacheka. Mimi nilikumbuka vizibo.

Nilichowafaa ni hadithi ya mji wao. Niliwaambia kwamba hapa hapa Ujiji, miaka ya 1870, watu walinunua samaki, chumvi na mawese kwa shanga zilizoitwa sofi. Mgeni akija na vitambaa vyake anatafuta kwanza wa kumbadilishia apate sofi, ndipo aingie sokoni. Wakauliza: mtu akiokota shanga njiani, je, ametajirika? Tukazungumza nusu saa kuhusu hilo moja. Pesa ni kitu ambacho wote mmekubali kukipokea. Binti wa vizibo alikuwa kakaa pembeni, hakusema neno.

17 Februari

Leo ndiyo nimefundisha kitu. Binti mmoja, nitamwita Barafu, anauza barafu za ubuyu jioni mbele ya kwao. Kasema kwa majivuno, "Jana nimepata elfu nne." Barafu 40 kwa mia mia. Nikamwambia tuandike vilivyoingia.

Sukari nusu kilo, 2,250, maana dukani kwetu kilo imefika 4,500 na bei elekezi ya serikali tunaisikia redioni tu. Ubuyu 500. Vifuko 500. Jirani mwenye friji anachukua 500. Jumla 3,750. Faida yake 250, na bado hatujahesabu kuni za kuchemshia maji.

Akanitazama kama niliyemwibia. "Lakini sukari sinunui, mjomba, ni ya nyumbani."

Hapo ndipo penyewe. Karibu watoto wote wenye biashara mtaji wao ni jikoni kwa mama: sukari ya mama, mafuta ya mama, mkaa wa mama. Wanauza, wanahesabu mauzo, wanafurahi. Mwisho wa wiki mama anashangaa sukari imekwenda wapi, anafungua kibubu kufidia, na mtoto anaona ameonewa. Kila mmoja ana haki yake na hakuna aliyeandika chochote. Tumekubaliana: kitu chochote kinachotoka jikoni kinaandikwa kwa bei ya dukani, kama mkopo, na kinarudishwa kabla ya hela kuingia kibubuni.

Barafu ameondoka kanuna. Wiki ijayo tutaona.

24 Februari

Wenye hela ya kuweka leo ni wawili. Nilidhani wamekata tamaa, mpaka mtoto mmoja aliponionea huruma: "Mjomba, si mbalamwezi?"

Miaka yote naishi kando ya ziwa na sikuwa nimeliunganisha hilo. Dagaa anavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukijaa, taa haimdanganyi samaki, wavuvi wanavuta mitumbwi pwani, wanashona nyavu na kulala. Kwa hiyo nyumba nyingi za huku zina hela za giza na njaa za mbalamwezi. Mama anayefungua kibubu tarehe kama ya leo hajafanya hivyo kwa ubaya wa moyo. Nimechora kalenda ya mwezi kwenye jalada la daftari, nitaifuata hiyo badala ya ile ya ukutani.

2 Machi

Mtendaji wa mtaa kaja. "Fundi, nasikia umefungua kiwanda cha watoto." Kasema akitabasamu, lakini daftari lake lilikuwa wazi. Akanikumbusha Sheria ya Mtoto ya 2009: mtoto anaruhusiwa kufanya kazi kuanzia miaka 14, tena kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumkosesha shule. Watoto wangu karibu wote wako chini ya hapo.

Nilikasirika kidogo, na baada ya chai nikaona ana haki. Tofauti ya kumfunzisha mtoto biashara na kumgeuza punda wa nyumba ni nyembamba, na siku ya njaa huwa haionekani kabisa. Tumeandika masharti, kayasaini na yeye: hakuna kuuza saa za shule, hakuna kuuza baada ya adhana ya Magharibi, hakuna mtoto kuzunguka na sinia mwaloni au stendi. Anauza mbele ya kwao, mtu mzima akiwa anamwona. Wawili wamejitoa kwa sababu hiyo, wazazi wao wanataka sinia lizunguke. Nimebaki na tisa.

9 Machi

Siku ya useremala. Mpwa wangu wa miaka kumi na mbili kanionyesha anavyotoa noti ndani ya kibubu changu: kinapinduliwa, kijiti chembamba chenye ulimbo kinaingizwa, noti inang'ang'ania, inavutwa. Elfu mbili ilitoka kabla sijamaliza kukohoa. Sarafu zinashuka zenyewe kwa bapa la kisu. Miaka 20 nauza kitu hiki nikijisifu kuwa ni madhubuti!

Nimekitengeneza upya. Chini ya tundu nimeweka kibao kilichoinama, na juu yake ulimi wa tyubu ya baiskeli uliopigiliwa upande mmoja. Hela inausukuma ulimi na kudondoka, ulimi unarudi. Ukikipindua, ulimi unaziba tundu kwa ndani. Mpwa kahangaika nacho tangu Alasiri hadi giza, katoa 50 moja. Bei ni ile ile.

Mke wangu kauliza swali moja tu: "Na nyundo umeiwekea nini?"

16 Machi

Ramadhani. Mchana biashara ya vyakula imekufa. Barafu kajiongeza: anauza kabla ya adhana, watu wanachukua kwenda nazo nyumbani kwa futari. Sukari anaandika sasa, na kapandisha barafu hadi 150. Wateja wamelalamika siku mbili kisha wakanunua. Faida ya wiki ni 6,800, ya kweli.

13 Aprili

Idi ilikuwa Jumatano. Mikono ya Idi, hela wanazopewa watoto, imeingia vibubuni, na mmoja kaletewa noti ya tembo na mjomba wake aliyekuja kwa treni. Watoto wamekuwa 14, vibubu vya ulimi vimeniishia. Nimejipongeza peke yangu.

20 Aprili

Nimejipongeza mapema. Vibubu vitatu vimevunjwa wiki hii, vyote na watu wazima, kimoja kwa shoka. Nyundo ndiyo hiyo aliyoisema mke wangu.

Nilikwenda kwa mzazi mmoja baada ya Alasiri. Baba, mtu mzuri, tumesoma naye. Maji ya ziwa yamepanda yakaingia hadi kwenye uwanja wake wa kuanikia dagaa, mvua za mwaka huu si za kawaida, na mwenye nyumba anadai. Akaniambia, "Fundi, mtoto ana hela? Hela ni ya baba yake. Ameipata wapi isiyotoka kwangu?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa najua kujibu kuhusu mbao.

27 Aprili

Kikao cha wazazi, kwenye baraza la karakana. Wamekuja 12, mke wangu kaendesha yeye, mimi nimekaa kwenye benchi la randa nikisikiliza.

Mzee mmoja alianza kwa hadithi ya Mtume inayosema wewe na mali yako ni vya baba yako, akaegemea ukuta akijua mjadala umekwisha. Ustadhi wa madrasa alikuwepo. Akasema hadithi ipo, na wanazuoni wameifunga kwa masharti: baba awe na haja ya kweli, na kuchukua kwake kusimdhuru mtoto. Akaongeza kuwa aliye yatima, mali yake imekatazwa kwa maneno makali katika Suratun Nisaa, asiguse mtu. Mzee akauliza, na vizibo vya soda je, vimo kwenye masharti? Baraza zima likacheka isipokuwa mama mmoja, nami niliangalia pengine.

Hapo mke wangu akasimama na kisanduku cha kikundi chao, kile cha chuma chenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu. Hakuhubiri. Aliwauliza akina mama: nani hapa alishawahi kufungua hiki akiwa na njaa? Hakuna. Kwa nini? Kwa sababu mnaogopana. Kisha: nani alishawahi kukopa kutoka humu? Mikono yote ikapanda. "Basi kopeni na kwa watoto. Msiibe."

Azimio ni moja. Mzazi mwenye shida atachukua, lakini mbele ya mtoto, kibubu kifunguliwe hapa kwangu, kihesabiwe, iandikwe kiasi, sababu na siku ya kurudisha. Mtoto anaweka alama yake, mzazi anaweka yake. Mtoto ana haki ya kukataa. Kipengele hiki cha mwisho kilichukua saa nzima, na baba wawili waliondoka kabla hakijapita.

4 Mei

Vita vya karanga. Mabinti wawili, nyumba zinatazamana, wote wanauza karanga za kukaanga kwa kikombe cha kahawa. Jumatatu kila mmoja 200. Jumanne mmoja kashusha 150. Jumatano mwenzake kashusha 100. Alhamisi mtaa mzima unatafuna karanga na mama zao hawasalimiani.

Niliwaketisha na daftari. Kilo 4,000, chumvi na mkaa 600, vikombe 28 kwa kilo. Kwa mia mia ni 2,800. Kila kilo wanayouza wanampa mtaa sadaka ya 1,800. Wakatazamana. Mkubwa kasema, "Kwa hiyo tulikuwa tunashindana kufilisika?"

Nilikuwa na ushauri wangu mzuri kuhusu kugawana maeneo, sikupata nafasi ya kuutoa. Walinong'onezana wakarudi na lao: wananunua kilo tano pamoja, muuzaji anawapunguzia hadi 3,600, mmoja anakaanga, mwingine anauza, bei 200, faida nusu kwa nusu. Mkaangaji anataka zaidi kwa ajili ya moshi. Hawajamaliza kubishana.

11 Mei

Wiki ijayo, tarehe 15, ziwa linafungwa. Nchi nne zinazolizunguka, sisi, Kongo, Burundi na Zambia, zimekubaliana kusimamisha uvuvi hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu. Mbalamwezi tunaijua, ni siku chache. Hii ni mbalamwezi ya siku 92.

Sina ugomvi na uamuzi. Kila mvuvi mzee hapa atakuambia dagaa wamepungua na migebuka imekuwa midogo. Lakini mradi wangu umesimama juu ya dagaa kama nyumba hizi zote. Mnunua karanga ni mchukuzi wa mwaloni. Mnunua barafu ni mtoto wa mwanika dagaa. Niliwauliza watoto tufanye nini. Karanga mkubwa kasema: tuuze vidogo. Mpwa wangu: tule kibubu. Binti wa vizibo, kwa mara ya kwanza tangu Februari, kanyoosha mkono: "Tuandike sasa kila mtu ana shilingi ngapi, kabla hawajaanza kuomba."

Tumehesabu. Vibubu 14, jumla 131,250. Nimeandika kwa wino mwekundu.

1 Juni

Mkopo wa kwanza. Mama, 8,000, unga na mafuta ya taa, kurudisha ziwa likifunguliwa. Mkopeshaji ana miaka kumi na moja. Alihesabu noti mara mbili kabla ya kumpa mama yake, nami nikajikuta natazama nje.

15 Juni

Mikopo minne mingine. Idi ya kuchinja ni keshokutwa.

Mtoto mmoja kauliza mbele ya ustadhi kama anaweza kumwambia baba alete zaidi ya alichochukua. Ustadhi kamweleza kuhusu riba, taratibu na kwa mifano, mtoto kaitika kila neno. Akafikiri. "Basi alete kiasi kile kile, halafu aninunulie na mpira, lakini kama zawadi." Ustadhi kacheka mpaka kofia ikaanguka, na akasema zawadi iliyosharitishwa nayo ni ile ile.

Wiki iliyopita kuna aliyekataa. Mvulana wa miaka kumi na tatu kamkatalia baba yake 15,000 hapa hapa mbele yangu, akitetemeka. Baba alinitazama mimi, si yeye. Kipengele tulikipitisha, nilikuwa nimekisaini. Baba kaondoka bila kuaga. Usiku nikasikia kijana kalala kwa bibi yake. Jumatatu nilikwenda kuomba radhi na sijui niliomba radhi ya nini. Kwenye daftari kipengele kipo. Katika nyumba yenye chumba kimoja, sina hakika nilikuwa na haki ya kukiweka.

22 Juni

Kijana kalimaliza jambo mwenyewe: kamkopesha baba 5,000. Wanaongea.

6 Julai

Likizo imekwisha. Niandike kuhusu Mise, maana yeye ndiye aliyeubeba mradi miezi hii.

Ni mvulana wa miaka kumi na minne, kwao ni juu kidogo kuelekea mashamba ya michikichi. Mawese hayajui mbalamwezi wala kufungwa kwa ziwa. Wakamuaji wakishachemsha ngazi, yaani matunda ya mchikichi, wakatwanga na kukamua, zinabaki kokwa. Wengine wanaziacha zilundikane. Yeye anaomba, anaanika, kisha anagonga moja moja kwa jiwe juu ya jiwe, anatoa mise, kile kiini cha ndani ya kokwa, na wanunuzi wa mise wanazichukua kwa ajili ya mafuta ya kutengenezea sabuni. Vidole vyake vinaonekana. Kucha moja imekuwa nyeusi, nikamkataza wiki mbili, na sasa anashikilia kokwa kwa kipande cha ndala kilichotobolewa, ubunifu wake mwenyewe.

Nilimtumia kama mfano darasani. Nikasema, tazameni, malighafi ya bure, kwa hiyo anachouza chote ni faida! Nikaandika ubaoni ndoo moja 6,000, gharama sifuri, faida 6,000.

Mise kanyoosha mkono kwa adabu. "Mjomba Fundi, ndoo nimeigonga jioni tisa. Wewe kitanda ukikitengeneza siku tisa, unaandika mbao tu?"

Nikafuta ubao. Kwa miaka 20 vibubu vyangu nauza 3,000 kwa sababu mbao ni masalio, kwa hiyo kwa hesabu yangu ni faida tupu, na kila kimoja kinanila nusu siku. Nilifanya hesabu hiyo usiku peke yangu na sikuipenda. Kuanzia kesho kidogo ni 4,500. Chenye ulimi 6,000.

20 Julai

Tuliulizia akaunti za watoto benki, maana baadhi ya vibubu ni vizito na mimi silali. Zipo, mzazi ndiye anayesimamia, na wanataka cheti cha kuzaliwa. Kati ya watoto 14, watano hawana cheti. Kuweka kwenye simu ni kuweka kwenye laini ya mama, tumerudi pale pale. Mtendaji amechukua orodha ya wasio na vyeti aifuatilie. Sasa tunaelewana, kila Jumamosi anapita kunywa kahawa.

3 Agosti

Daftari la mikopo: wazazi saba, jumla 64,500. Vibubuni kuna 48,900. Barafu kafunga biashara kwa kukosa wateja, lakini deni la sukari kamaliza kwanza, kwa hiari yake. Karanga wanauza kilo moja kwa wiki badala ya tano. Hakuna kibubu kilichovunjwa kwa nyundo tangu Aprili. Nimekwenda kuviangalia kimoja kimoja, nikaona nimekuwa kama mganga anayekagua hirizi.

17 Agosti

Ziwa limefunguliwa! Jana watu walikuwa pwani tangu alfajiri, kila mtu na beseni. Lakini wanaojua kuhesabu mwezi walikuwa wanachekea puani: tarehe 19 ndiyo umejaa. Ziwa linafunguliwa, mbalamwezi hiyo imekaa katikati ya anga. Wengine wameingia hivyo hivyo, hawakuweza kungoja. Wamerudi na kidogo.

Watoto walitaka kujua hela zao zinarudi lini. Nimewaonyesha jalada la daftari: giza linaanza mwisho wa mwezi, mpaka tarehe 3 Septemba mwezi hauonekani kabisa. Mkopeshaji mzuri anasubiri giza. Wameelewa kuliko nilivyotarajia, baba zao wanasubiri kitu hicho hicho.

7 Septemba

Harufu ya dagaa imerudi mjini. Zimelipwa 22,000. Mama wa mkopo wa kwanza kalipa 8,000 zote kwa noti mbichi, zinanuka samaki, na mtoto kazinusa kabla ya kuzitumbukiza. Watoto wawili wa darasa la saba hawakuja, wana mtihani wiki ijayo. Baba wa 5,000 kaleta 2,000.

14 Septemba

Jumla iliyorudi ni 41,000. Wazazi watatu bado. Mmoja kahamia Uvinza, hiyo nadhani ndiyo hasara yetu ya kwanza, na mtoto wake kaondoka naye bila kuaga.

Nilikuwa nafunga daftari alipoingia mama wa binti wa vizibo. Peke yake, khanga kajifunika hadi machoni. Akaweka 3,000 juu ya benchi, pale pale vilipomwagika.

"Fundi, niandikie ya mwaka jana."

Nikamwambia ya mwaka jana haikuandikwa, hatujui ilikuwa ngapi. Akasema labda elfu ishirini, labda kumi, alikuwa anachota kidogo kidogo, hajui. Nikamtuma mpwa wangu akamwite binti. Akaja anakimbia, akamwona mama, akasimama.

"Ilikuwa shilingi ngapi?" nikamuuliza.

"Si nilikwambia, mjomba?"

Tukaenda kwao, ni nyumba ya tatu. Nyuma ya mlango wa chumba, kimo cha mtoto, kuna mistari ya mkaa. Mistari mifupi ni mia, mirefu ni mia tano, na yenye kichwa ni elfu. Mingine imefifia, mingine imepakwa upya. Mke wangu alihesabu kwa kidole, mimi nikahesabu baada yake, kisha mama mwenyewe akahesabu polepole akigusa ukuta.

Nimeandika ukurasa mpya. Mkopeshaji kaweka jina lake kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Mkopaji kaweka alama. Sababu: njaa, kabla ya Ramadhani. Siku ya kurudisha: kila giza, kiasi atakachoweza.

Deni 17,400. Toa 200 iliyokutwa. Imelipwa 3,000. Baki 14,200.